Simu inataka kusasishwa, na mgawo wa kikundi uko mlangoni

Fundi, salaam, na pole na kazi.

Mimi ni mama wa miaka 49, naishi Morogoro mjini, ni mweka hazina wa kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka akiba na kukopeshana. Tuko wanachama 28, wengi wetu tunauza pale soko la Chifu Kingalu, wengine ni mama wa nyumbani. Tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni, na mwaka wetu unaisha Jumamosi ya tatu ya Desemba, siku ya mgawo, kila mmoja anapochukua akiba yake. Ninapokuandikia zimebaki wiki nne.

Simu yangu niliinunua mwaka 2023. Ina Android 13, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Tangu Oktoba kila asubuhi inaniambia kuna toleo jipya, Android 14, ukubwa wake GB 2.3. Nabonyeza "Baadaye". Kesho yake linarudi. Sasa linarudi hata mara mbili kwa siku, na juzi mjukuu wangu alikuwa anacheza na simu, kidogo tu alibonyeze.

Ingekuwa simu ya kupigia na kupokea nisingekusumbua. Shida ni kwamba kikundi kizima kimo humu ndani. Tangu Machi tuliacha kujaza vitabu vya wanachama, kwa sababu katibu wetu wa zamani, kabla hajahamia Dodoma, alinirushia kwa Bluetooth programu ya hesabu za vikundi. Ni nzuri sana. Unaingiza hisa, mikopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii, yenyewe inajumlisha. Siku ya kwanza kuifungua simu iliniambia kwamba programu hii imetengenezwa kwa ajili ya toleo la zamani la Android, nikabonyeza "Sawa", ikafunguka, na mpaka leo haijanisumbua. Nimeitafuta Play Store ili na mwenyekiti awe nayo, sikuiona. Mbali na hiyo kuna kundi letu la WhatsApp ambako watu wanatuma picha ya ujumbe wa malipo, na kuna programu ya benki tunakoweka akiba.

Nimeuliza watu, kila mmoja na lake. Mwanangu aliye chuoni anasema, "Mama sasisha, unakaa mlango wazi." Fundi mmoja karibu na stendi ya Msamvu ameniambia nisithubutu, kwamba hizo ni mbinu za makampuni kuziua simu zetu ili tununue nyingine. Ila yeye mwenyewe akaniambia kwa shilingi elfu ishirini anaweza kuniflashia Android 15 moja kwa moja, iliyo nyepesi kuliko hii. Jirani yangu alisasisha simu yake mwezi wa nane, ikakwama kwenye nembo usiku kucha, na iliporudi kutoka kwa fundi ilikuwa tupu kama imetoka dukani. Alilia. Mume wangu anasema ninunue simu mpya tu yaishe, lakini hiyo hela sina mpaka mgawo.

Nisasishe au nisisasishe? Kabla ya mgawo au baada? Kuna mjane mmoja kwenye kikundi chetu ambaye hisa zake za mwaka mzima ndizo ada ya shule ya Januari. Nikiwaza simu hii ikifutika nitamwambia nini, usingizi hauji.

Mweka hazina, Morogoro

*

Dada yangu, salaam. Barua yako nimeisoma jana usiku na leo asubuhi nimeirudia, kwa sababu kuna sentensi moja ndani yake ambayo nadhani wewe mwenyewe uliiandika kwa kupita tu, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Nitaifikia.

Kwanza nikupe jibu ulale. Usisasishe kabla ya mgawo. Sasisha baada ya mgawo, wiki hiyohiyo au inayofuata, na usiliburuze mpaka Machi. Kitufe cha "Baadaye" endelea kukibonyeza bila hofu kwa wiki hizi nne, na simu isikae tena mikononi mwa mjukuu.

Lakini nisingekutendea haki nikiishia hapo, maana unaweza kuliahirisha sasisho hilo mpaka mwaka ujao na bado ukapoteza kila kitu Jumatano hii. Simu ikianguka kwenye ndoo ya maji. Ikichomolewa kwenye mkoba pale sokoni. Ikizima tu yenyewe kama zinavyozima. Kikundi chenu, kama vikundi vingi vya aina yake, bila shaka kina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti, ili asitokee mtu mmoja wa kulifungua peke yake. Waliobuni utaratibu huo waliwaza kwa makini sana. Halafu Machi mkachukua hesabu zote za sanduku hilo, nani ana hisa ngapi, nani anadaiwa nini, mkaziweka kwenye simu moja, ya mtu mmoja, kwenye programu moja ambayo haipatikani tena. Sikulaumu, nyote mlikubaliana, na programu ilirahisisha kazi. Ila usingizi unaoukosa una sababu, na sababu hiyo ilikuwapo kabla Android 14 haijaanza kukupigia hodi.

Sasa ile sentensi. Umesema siku ya kwanza simu ilikuambia programu hii imetengenezwa kwa ajili ya toleo la zamani la Android. Onyo hilo simu hailiweki kama mapambo. Nikueleze limetoka wapi.

Hadi mwaka 2015, programu ya Android ilikuwa ikichukua ruhusa zake zote siku ileile unapoiweka: kusoma majina kwenye simu, kusoma ujumbe mfupi, kufungua kamera, vyote kwa mkupuo. Ilipokuja Android 6 mwaka huo, utaratibu ukabadilika, programu ikalazimika kuomba ruhusa mojamoja nawe ukaweza kukataa. Lakini programu za zamani hazikujua kuomba, kwa hiyo mfumo ukaziacha ziendelee na utaratibu wao wa kale. Wezi wakauona mwanya. Wakawa wanaunda programu mpya na kuiandika kana kwamba ni ya kabla ya Android 6, ili ipewe kila kitu bila kuulizwa. Android 14, iliyotoka mwaka 2023, ndiyo iliyouziba mwanya huo: programu yoyote iliyoandikwa kwa matoleo ya kabla ya Android 6 haikubaliki tena kuwekwa kwenye simu. Iliyokuwamo tayari wakati simu inapanda toleo haiguswi, inabaki ilipo.

Umeona inakokuangukia? Onyo uliloliona ndilo linalotokea kwa programu za rika hilo. Ukisasisha na kila kitu kikaenda sawa, programu yenu itabaki na hesabu zake. Lakini siku utakapoifuta kwa bahati mbaya, au simu ikilazimika kusafishwa, hutaweza kuirudisha tena kwenye Android 14, hata yule katibu wa Dodoma akurushie mara kumi. Huenda ndiyo maana pia hukuiona Play Store. Play Store huzificha programu zilizozeeka mno zisionekane kwenye simu za matoleo mapya. Sisemi programu yenu ni ya wizi, huenda aliyeiandika alikuwa mtu mwema aliyeacha kuishughulikia. Ninachosema ni kwamba haina mwenyewe tena, na akiba ya watu 28 haifai kukaa kwenye nyumba isiyo na mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya habari yoyote ya kusasisha, toa hesabu humo. Fungua programu, tafuta kwenye menyu yake sehemu ya kuhamisha au kutuma taarifa. Ikiwapo, tuma faili kwenye barua pepe yako, ya katibu wa sasa na ya mwenyekiti. Kisha nenda kwa mwenyekiti ukaifungue kwenye simu yake mbele yako, muone namba kwa macho. Ikiwa haina sehemu hiyo, na nyingi za zamani hazina, basi fungua ukurasa wa kila mwanachama na upige picha ya kioo cha simu, mmoja baada ya mwingine, mikopo na faini pia, uzitume kwa hao wawili. Halafu rudini kwenye vitabu vya wanachama. Nakuomba sana kwenye hili. Kila mmoja aandikiwe kitabuni jumla ya hisa zake za mwaka, mkopo aliobakiza, aweke sahihi na wewe uweke. Mbele ya kikundi, si nyumbani kwako. Yule mama mjane akiwa na kitabu chake mkononi, simu yako ifutike au isifutike, ada ya Januari ipo.

Pesa zenyewe, kama mnazituma kwa simu, hazikai ndani ya simu wala hazitoki na sasisho. Zipo kwenye akaunti ya mtandao wenu, na menyu ile ya *150* uliyoizoea inafanya kazi hata kwenye simu ya vitufe. Za benki ziko benki.

Nije sasa kwa washauri wako, maana kila mmoja ameshika kipande cha kweli.

Mwanao amesema mlango uko wazi. Ana haki, ila kuna milango ya aina mbili, na watu wengi wanaichanganya. Kuna masasisho madogo ya usalama, ambayo hayabadilishi sura ya simu wala namba ya toleo, yanaziba matundu tu. Na kuna sasisho kubwa kama hili lako, linalobadilisha mfumo wenyewe. Yale madogo usiyaache hata moja. Mwaka 2015 liligunduliwa tundu kwenye Android lililopewa jina la Stagefright: mtu aliweza kukutumia ujumbe wenye video iliyotegwa, na kwenye baadhi ya simu ikaanza kufanya kazi yake kabla hujaufungua. Mamia ya mamilioni ya simu zilikuwa na tundu hilo. Ndipo Google ilipoanza, Agosti mwaka huohuo, utaratibu wa kutoa sasisho la usalama kila mwezi. Ingia Mipangilio, halafu Kuhusu simu, utafute tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ni ya miezi michache iliyopita, huna sababu ya kukimbia. Ikiwa ni ya mwaka jana, basi hapo mwanao yuko sahihi kabisa, na hiyo ndiyo sababu ninayokukataza kuburuza baada ya mgawo. Kampuni ikishatoa toleo kubwa kwa simu fulani, mara nyingi masasisho madogo huendelea kuja juu ya toleo hilo jipya tu. Aliyebaki nyuma anaachwa nyuma.

Lakini asikutishe kwamba kesho programu zitakugomea. WhatsApp inakubali hata matoleo ya zamani sana kuliko lako, wewe uko 13. Benki zinadai matoleo mapya kuliko hayo ya WhatsApp, ila 13 bado ni toleo la karibu.

Fundi wa Msamvu. Hili la makampuni kuziua simu mafundi wengi wa mezani hulisema, na wasomaji wengine huona ni porojo. Si porojo tupu. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Samsung faini ya euro milioni 5 na Apple euro milioni 10, kwa kusukuma masasisho kwenye simu za zamani ambazo hazikuwa na uwezo wa kuyabeba, bila kuwaambia wenye simu kitakachowapata wala namna ya kurudi nyuma. Samsung ilikuwa imewahimiza wenye Note 4, simu ya 2014, waweke mfumo ulioandaliwa kwa ajili ya Note 7. Na Apple mwezi Desemba 2017 ilikiri kwamba masasisho yake yalipunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka. Ilieleza kuwa betri ikizeeka hushindwa kutoa umeme wa ghafla na simu huzima, kwa hiyo waliipunguza mbio ili isizime. Kosa lililowaudhi watu ni kutowaambia. Ufaransa iliipiga faini ya euro milioni 25 mwaka 2020 kwa kosa hilohilo la ukimya.

Kwa hiyo fundi hajabuni. Ila angalia kesi hizo zinasema nini: simu iliyoumia ni ile ya zamani iliyopewa mfumo wa simu kubwa kuliko yenyewe, au yenye betri iliyokwisha. Yako ya 2023, RAM ya GB 4, inaruka toleo moja tu, kutoka 13 hadi 14. Hapo sina hofu kubwa. Ungekuwa na RAM ya GB 2 ningekuambia ukae ulipo, uridhike na masasisho madogo mpaka simu ife kifo chake.

Na hili la kukuflashia Android 15 kwa elfu ishirini, kataa. Ninasema kwa uzito, na simkusudii yeye binafsi maana simjui. Kuweka mfumo ambao kampuni yako haikuutoa kwa simu hiyo kunataka kwanza kufungua kufuli ya ndani ya simu, na kufuli hiyo ikifunguliwa simu hufuta kila kilichomo. Hesabu zote, papo hapo. Baada ya hapo programu nyingi za benki huikagua simu, zikaona imeguswa, zikakataa kufunguka. Na huna njia ya kujua nani ameuandaa mfumo huo na ameweka nini ndani. Akiba ya kikundi ingekuwa inapita mikononi mwa mtu ambaye hata fundi mwenyewe hamjui.

Jirani yako nimemhurumia. Nina kisa cha namna hiyo ambacho sijakisahau. Mwaka 2018 nikiwa bado na meza Kariakoo, mzee mmoja aliniletea simu inayosumbua. Nikaona kuna sasisho linasubiri, nikaona nafasi imejaa karibu yote, nikasema litajipenyeza tu. Sikumuuliza picha zake zimehifadhiwa wapi. Ilikwama kwenye nembo. Nilihangaika nayo siku mbili, mwisho hakukuwa na njia ila kuifuta. Zilikuwamo picha za harusi ya binti yake, hazikuwa pengine popote. Mzee hakunigombeza. Aliniuliza mara moja tu, "Hata moja?" Tangu siku hiyo sijabonyeza sasisho kwenye simu ya mtu bila kumuuliza kwanza vitu vyake viko wapi.

Kinachokwamisha simu kwa kawaida ni mambo machache: nafasi iliyobanana, chaji iliyokatika katikati, faili lililoshuka likiwa na kasoro, au simu iliyokwishaguswa na kuflashiwa huko nyuma. Kwa la umeme, simu nyingi za sasa zina kinga nzuri. Tangu Android 7 ya mwaka 2016 kuna utaratibu wa kuwa na vyumba viwili vya mfumo. Toleo jipya linapangwa kwenye chumba cha pili huku wewe ukiendelea kutumia cha kwanza, na likishindwa kuwaka simu inarudi chumba cha zamani yenyewe. Baadhi ya kampuni zilichelewa kuufuata, kwa hiyo usitegemee kwamba yako inao. Dalili ni hii: simu ikikuambia inaandaa sasisho huku unaendelea kuchati, kisha ikakuomba tu uizime na kuiwasha, ina vyumba viwili. Ikizima na kukaa nusu saa inaonyesha mstari unaosogea, huenda ina kimoja, na hapo usiiguse hata iweje.

Nafasi. Hukuniambia umebakiwa na kiasi gani, lakini simu ya GB 64 ya mweka hazina inayopokea picha za malipo za watu 28 kila wiki naijua ilivyo. Toleo la GB 2.3 halitoshi kwenye GB 2.3. Linataka pa kushukia na pa kujifungulia. Mimi nisingeanza bila GB 8 tupu. Video za kundi la WhatsApp ndizo zitakazokupa nafasi haraka: ingia Mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi, ufute zile kubwakubwa zilizotumwa mara nyingi. Usikimbilie zile programu za "kusafisha simu". Na katika kusafisha huko, kidole kisije kikagusa ile programu ya hesabu, maana ikifutwa hesabu zake huondoka nayo, na ukishasasisha haitarudi tena.

WhatsApp yenyewe ihifadhie nakala kwenye akaunti ya Google. Jua kwamba tangu mwaka 2024 nakala hiyo inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure, zamani haikuhesabiwa, kwa hiyo ikikataa kumaliza sababu inaweza kuwa ni hiyo. Toa video kwenye nakala, bakiza maandishi na picha. Majina ya watu nayo yaangalie kama yamehifadhiwa kwenye Google au kwenye simu tu. Neno la siri la akaunti ya Google liandike kwenye karatasi na uhakikishe unalikumbuka. Nimeona watu wengi wenye nakala kamili wakashindwa kuichukua kwa sababu akaunti alifungua kijana wa dukani siku ya kununua simu na hakuna anayejua neno la siri.

Siku yenyewe: mgawo ukishapita, hesabu zimefungwa na kila mtu amechukua chake, chagua asubuhi ya siku usiyotegemewa na mtu. Chaji ijae, waya ubaki umechomekwa. Tumia waifai ya mtu unayemwamini ukiipata. Bando linaweza kukata katikati na kukutia hasara, ingawa simu nyingi huendelea pale lilipoishia. Sasisha kutoka ndani ya Mipangilio, sehemu ya Mfumo. Ikitokea mtu akakutumia kiungo kwenye kundi, eti bonyeza hapa upate Android mpya au WhatsApp mpya, usibonyeze na uwaonye wenzako, kwa sababu sasisho la mfumo halipitii kwenye ujumbe wa mtu.

Baada ya kuwaka, siku ya kwanza na ya pili simu itapata joto, itakuwa nzito na chaji itakwenda mbio. Inapanga upya programu zote kwa ajili ya mfumo mpya. Watu wengi hapo ndipo wanaposema "nimeharibiwa simu". Ipe siku tatu au nne. Programu ya benki ikigoma, isasishe nayo kutoka Play Store kabla ya kuifuta. Na kurudi Android 13 usikuwaze: kwa simu nyingi hakuna njia rasmi, na hata ikiwapo huanza kwa kufuta kila kitu.

Mume wako mwambie simu mpya ingoje. Simu hii ina miaka mbele yake. Siku mtakayonunua, kabla ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi, muulize muuzaji toleo hili la simu limeahidiwa masasisho ya usalama mpaka mwaka gani, na mlitafute jibu kwenye tovuti ya kampuni pia. Simu za bei kubwa kama Pixel 8 ya 2023 na Galaxy S24 ya 2024 ziliahidiwa miaka 7. Simu nyingi za bei yetu hupata toleo kubwa moja au mawili, nyingine halipo kabisa, na mnunuzi haambiwi. Umoja wa Ulaya tangu Juni 2025 unazidai kampuni zitoe masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya simu kuacha kuuzwa. Natamani siku moja sheria kama hiyo iwalinde na wanunuzi wa Kariakoo na Morogoro.

Mwaka mpya wa kikundi ukianza Januari, msirudi kwenye programu ile. Vitabu vya wanachama viendelee, na kama mnataka na simu pia, tumieni jedwali la kawaida lililo kwenye akaunti ya Google ya kikundi, ambalo wewe unaliandika na katibu na mwenyekiti wanaliona kwenye simu zao saa hiyohiyo.

Jumamosi hii, mkimaliza kukusanya hisa, waombe wabaki kidogo na vitabu vyao. Watu 28, mkisaidiana wawili kuandika, ni kazi ya Jumamosi mbili. Utabaki muda wa kusahihisha kabla ya mgawo. Anza na cha yule mama.